Kidole tumbo hakikusubiri korona ipite

Aprili 2020, hospitali za London zikiwa zimefurika wagonjwa waliokuwa wakihangaikia pumzi, madaktari wa upasuaji wa watoto walianza kuitwa kuwaona wagonjwa wadogo waliokuja na shida nyingine. Watoto hao walikuwa na homa, walitapika, na tumbo liliwauma kiasi kwamba wakiguswa tu wanakunja miguu. Kila dalili ilielekeza kwenye kidole tumbo. Mwaka mwingine wowote, mtoto wa namna hiyo angeandaliwa kwa upasuaji siku hiyohiyo. Lakini picha za tumbo zilipopigwa, kwa baadhi yao kidole tumbo kilikuwa kizima. Kilichovimba kilikuwa kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, jirani yake kabisa, na nyuma ya uvimbe huo kulikuwa na virusi vya korona.

Taarifa ya watoto 8 wa aina hiyo ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la Lancet linaloshughulikia afya ya watoto. Ilikuwa taarifa ndogo, lakini iliwafungua macho madaktari wa upasuaji sehemu nyingi: korona, ugonjwa tuliouzoea kama wa mapafu, inaweza kuingia hospitali kupitia tumbo. Ndipo likazuka swali ambalo wazazi wengi wameliuliza tangu hapo. Je, korona inaleta ugonjwa wa kidole tumbo?

Tuanze na kidole chenyewe. Ni kijifuko chembamba, chenye urefu wa sentimita 6 hadi 10 hivi kwa mtu mzima, kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia chini. Ncha moja iko wazi, nyingine imeziba. Njia yake ikizibwa na kipande cha kinyesi kilichokauka, au na tezi za kinga zilizomo ndani ya ukuta wake zinapovimba, ute unakosa pa kutokea. Bakteria wanaongezeka, kidole kinajaa na kuvimba, damu inashindwa kupita kwenye ukuta wake, na hatimaye sehemu ya ukuta huo inakufa na kupasuka. Usaha na kinyesi vikimwagika tumboni, maumivu ya jana yanageuka kuwa hatari ya kifo leo. Huku kwetu bado tunaonyana kuhusu mbegu za mapera na vijiwe vya kwenye mchele. Ni mara chache sana daktari kukuta kitu kama hicho ndani ya kidole alichokiondoa.

Hizo tezi za kinga ndizo zinazofanya swali la korona liwe na maana. Huvimba mwili unapopambana na maambukizi, yakiwemo ya virusi. Surua, kwa mfano, inajulikana tangu zamani kwamba inaweza kuzivimbisha hadi kidole kikaugua. Virusi vya korona navyo huingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kiitwacho ACE2, na kipokezi hicho kimejaa tele kwenye utando wa utumbo mwembamba. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa korona waliharisha na kutapika, na ndiyo maana chembe za virusi zilipatikana kwenye vinyesi vyao. Zaidi ya hapo, maabara kadhaa zimekuta vinasaba vya virusi hivyo ndani ya vidole tumbo vilivyoondolewa kwa upasuaji.

Kwa hiyo njia ipo. Lakini kuwapo kwa njia si ushahidi kwamba kila aliyeugua alipitia humo. Kidole tumbo ni ugonjwa wa kawaida mno: katika kila watu 100, takriban 7 au 8 huupata wakati fulani maishani, wengi wao wakiwa kati ya miaka 10 na 30. Mamilioni ya watu wanapoambukizwa korona kwa msimu mmoja, ni lazima watakuwapo waliopata vyote viwili kwa wakati mmoja bila kimoja kuzaa kingine.

Kuna hoja nyingine ninayoiona kuwa nzito zaidi. Kama korona ingekuwa chanzo kikubwa cha ugonjwa huu, wodi za upasuaji zingejaa wagonjwa wa kidole tumbo mwaka 2020. Kilichoripotiwa katika nchi nyingi ni kinyume chake. Wagonjwa waliofika hospitali walipungua, hasa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga. Na miongoni mwa waliofika, waliofika kidole kikiwa kimeshapasuka waliongezeka kwa uwiano. Watu hawakuacha kuugua. Waliacha kwenda hospitali mapema.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi wa Afrika Mashariki, na hatujaizungumza vya kutosha. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 13, 2020, na kufikia Machi 27 amri ya kutotoka nje kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri ilikuwa imeanza kazi. Uganda ilifika mbali zaidi: mwishoni mwa mwezi huo magari binafsi nayo yalizuiwa, na mwenye mgonjwa wa dharura alitakiwa kutafuta kibali cha mkuu wa serikali wa wilaya. Tanzania, iliyotangaza mgonjwa wake wa kwanza Arusha Machi 16, haikufunga watu ndani, lakini hofu haikuhitaji amri. Hospitali ilionekana kuwa mahali pa kuuchukua ugonjwa. Nani angempeleka mwanawe kwenye benchi la wagonjwa wanaokohoa, eti kwa sababu ya tumbo?

Na tumbo letu lina majina mengi ya kulisubirisha. Kwa mtoto ni minyoo. Kwa msichana ni chango, atapoa siku zake zikiisha. Kwa mtu mzima ni vidonda vya tumbo, au chakula cha jana, au homa ya matumbo ambayo mtu amejipima mwenyewe kwa mawazo. Dawa ya maumivu inanunuliwa dukani, bibi anakanda tumbo kwa mafuta ya nazi, mwingine anapewa dawa ya kuharisha ili asafishwe. Hayo mawili ya mwisho ni hatari hasa, kwa sababu kidole kilichojaa usaha hakitakiwi kusukumwa wala kutikiswa. Halafu usiku wa pili maumivu yanapungua ghafla, nyumba nzima inashukuru. Wakati mwingine nafuu hiyo ni ya kweli. Wakati mwingine ndiyo saa kidole kilipopasuka: msukumo umetoka, lakini sumu inasambaa tumboni.

Kuchelewa hakukuanza na korona, wala si ugonjwa wa maskini peke yao. Mwaka 1886 daktari Reginald Fitz wa Boston alieleza wazi kwamba chanzo cha usaha mwingi uliokuwa ukiua watu tumboni ni kidole hiki, na akashauri kiondolewe mapema. Wengi hawakumfuata. Frederick Treves, daktari mashuhuri wa upasuaji wa London, aliamini katika kusubiri, na mwaka 1900 binti yake mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo. Miaka 2 baadaye ni Treves aliyeitwa kwa Mfalme Edward wa Saba, ambaye alikuwa akiumwa kwa siku kadhaa huku akikataa kuahirisha sherehe ya kutawazwa. Alipasuliwa Juni 24, 1902, siku 2 kabla ya sherehe, usaha ukatolewa, akapona, akatawazwa Agosti 9.

Madaktari nao, wakati wa korona, walikuwa na sababu ya kuogopa kisu. Mei 2020 Lancet ilichapisha takwimu za wagonjwa 1,128 waliopasuliwa katika hospitali 235 za nchi 24 wakiwa na maambukizi ya korona. Karibu robo yao, asilimia 23.8, walikufa ndani ya siku 30, na nusu walipata matatizo ya mapafu. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wa kidole tumbo, na wazee walikuwa wengi, lakini ujumbe ulieleweka. Uingereza vyama vya madaktari wa upasuaji vilishauri kwamba kidole tumbo kitibiwe bila kisu inapowezekana, na upasuaji wa matundu madogo uepukwe kwa hofu kwamba hewa inayotoka tumboni ingebeba virusi.

Kwa hiyo antibiotiki zikapewa nafasi ambayo hazikuwahi kupewa. Oktoba 2020 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao CODA, uliolinganisha antibiotiki na upasuaji kwa watu wazima 1,552. Waliopewa antibiotiki hawakufanya vibaya kwa jumla, lakini takriban 3 kati ya kila 10 walikuwa wameshapasuliwa kabla ya siku 90 kwisha, na kwa waliokuwa na kijiwe cha kinyesi ndani ya kidole idadi ilipanda hadi 4 kati ya 10. Naomba msomaji asiyachukue matokeo haya kama ruhusa ya kununua vidonge dukani. Wagonjwa hao walipigwa picha, walianzishiwa dawa za mshipa, na walifuatiliwa na hospitali zenye chumba cha upasuaji tayari. Kidonge bila hayo ni kuchelewa kulekule.

Kuhusu chanjo, kwa kuwa maneno yalikuwa mengi: utafiti wa Israeli uliochapishwa Agosti 2021 uliona ongezeko la wagonjwa wa kidole tumbo kama 5 kwa kila watu 100,000 waliochanjwa kwa Pfizer. Utafiti wa Denmark uliofuata haukuona ongezeko hilo. Hakuna kilichopatikana kinachompa mtu sababu ya kuikimbia chanjo kwa kuhofia tumbo.

Kwa mzazi, jambo la kushika ni hili la watoto wa London. Kuna hali inayojitokeza wiki 2 hadi 6 baada ya korona, hata ile iliyopita kama mafua tu, ambapo kinga ya mtoto inachachamaa na kushambulia viungo vingi kwa pamoja, moyo ukiwemo. Homa haishuki, tumbo linauma, anatapika au kuharisha, macho yanakuwa mekundu, midomo inapasuka, ngozi inatoka vipele. Mtoto huyu akipasuliwa kwa kudhaniwa ana kidole tumbo, kisu hakitamponya. Anahitaji dawa za kutuliza kinga na uangalizi wa karibu. Basi mwambieni daktari kwamba mtoto aliugua, au kwamba nyumbani kulikuwa na mtu aliyekohoa wiki chache zilizopita. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha matibabu.

Na kidole tumbo chenyewe kina tabia inayotambulika. Maumivu huanza kuzunguka kitovu, kisha baada ya saa kadhaa yanahamia chini kulia na kutulia hapo. Hamu ya chakula inakwisha. Kichefuchefu kinafuata, na homa ndogo. Mgonjwa anatembea ameinama. Mtoto ukimwambia aruke anakataa. Kwa mjamzito, mzee na mtoto mdogo dalili zinaweza kujificha, hivyo msisubiri zikamilike. Tumbo linalouma mfululizo kwa saa 6 na kuzidi, mpelekeni mgonjwa kwenye kituo kinachoweza kupasua, usiku huohuo, na kama mna wasiwasi wa korona vaeni barakoa na mwende nayo.