Kwa nini sabuni yetu inachoma mikono?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Mezani kwangu ipo barua ya mama mmoja wa mkoa wa Singida, katibu wa kikundi cha akina mama kumi na wawili. Wamekopa fedha, wakanunua dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti pamoja na kostiki soda, wakaanza kutengeneza sabuni. Sabuni ilitoka nyeupe, ngumu, ya kupendeza macho. Siku ya tatu wateja wakaanza kuirudisha. Inachoma. Mama mmoja aliyeifulia nguo za mtoto wake alibambuka ngozi ya vidole. Sasa vipande vyote viko stoo, marejesho ya mkopo yamekaribia, na katibu anauliza mambo mawili: wamekosea wapi, na je, mali ile waitupe?

Hilo la pili ndilo linalomnyima usingizi, kwa hiyo nilijibu kwanza kwa neno moja: msiitupe. Namna ya kuiokoa nitaieleza, lakini haitaeleweka mpaka tujue kosa lenyewe.

Katibu anasema kipimo walikipata kwa wifi yake aliyekuja kutoka Tanga: gramu 174 za kostiki kwa kila kilo ya mafuta. Nami nasema wifi hakudanganya. Kipimo hicho ni sahihi kabisa, ila ni cha mafuta ya nazi. Kimesafiri kutoka Pwani hadi Singida, kikakuta alizeti, wala hakuna aliyekiuliza kama kinafaa.

Sabuni ni nini hasa? Tangu kale watu waliichemsha mafuta kwa maji ya majivu, na bibi zetu wengi waliijua kazi hiyo, bila mtu kufahamu kinachotokea ndani ya chungu. Aliyekuja kulifumbua fumbo ni Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, katika kitabu alichokitoa mwaka 1823. (Bwana huyu aliishi hadi umri wa miaka 102; sijui kama ni kwa sababu ya sabuni.) Chembe moja ya mafuta ni kama mama aliyebeba watoto watatu. Mama ndiye gliserini, na watoto ni asidi za mafuta. Kostiki ikiingia huwanyang'anya wale watoto na kushikana nao, kila mtoto na kostiki yake. Muungano huo wa mtoto na kostiki ndio sabuni. Gliserini hubaki peke yake humo humo, nayo ndiyo inayoifanya sabuni ya nyumbani iwe laini kwa ngozi.

Sasa, watoto wa nazi wengi ni wafupi, na watoto wa alizeti ni warefu. Katika kilo moja ya nazi basi wamo watoto wengi zaidi kuliko katika kilo moja ya alizeti, na wote wanataka kostiki. Ndiyo maana kilo ya nazi humaliza gramu 183 hivi, kilo ya mise gramu 176, ya mawese gramu 142, ya shahamu ya ng'ombe gramu 140, na ya alizeti gramu 135 tu. Mtengenezaji mwangalifu hupunguza sehemu 5 katika kila 100 za hesabu hiyo, ili yabaki mafuta kidogo badala ya kubaki kostiki. Punguza gramu 183 za nazi kwa namna hiyo, utapata gramu 174 za wifi. Punguza 135 za alizeti, utapata 128.

Kuna kosa la pili, nalo limejificha zaidi. Wifi alisema kilo. Kikundi kikapima lita. Lita moja ya mafuta haifiki kilo, ina gramu 920 hivi. Kwa hiyo dumu lao la lita 20 lilikuwa na kilo 18 na gramu 400 za mafuta, na kostiki waliyotia ni gramu 174 mara 20, yaani karibu kilo tatu na nusu. Mafuta yale yangeweza kula kilo mbili na nusu tu. Kilo nzima ya kostiki, ndugu msikilizaji, imebaki huru ndani ya sabuni, haina wa kushikana naye, inangoja mikono ya mteja.

Wako wanaopima kwa kikombe au kijiko, nao hao wasicheke. Kostiki ya vipande bapa na kostiki ya punje ndogo hazijai kikombe sawasawa. Tena kostiki iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa, ikawa nzito na dhaifu kwa pamoja. Kinachofaa ni mizani, na chombo chenye kifuniko cha kubana.

Turudi stoo. Dawa ya kostiki iliyozidi ni mafuta. Katibu, hesabu yako ni hii: ongezeni lita 10 za alizeti. Lakini alizeti peke yake hutoa sabuni laini inayoisha upesi (ule ugumu mliousifu ulitokana na kostiki). Mimi ningekwenda machinjioni nikatafute shahamu, niiyeyushe, niichuje kwa kitambaa, nitumie kilo 8 na nusu. Itaipa sabuni ugumu wa haki, na kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko alizeti.

Gawanyeni vipande vyote mafungu kumi yaliyo sawa, na shahamu mafungu kumi ya gramu 850. Anzeni na fungu moja tu. Kwaruzeni sabuni iwe chenga mkiwa mmevaa glavu na miwani, na pua mmezifunika kwa kitambaa, maana vumbi lake ni kali. Tieni chenga katika sufuria ya chuma cha pua au ya enameli, pamoja na maji kidogo na shahamu iliyoyeyuka, mpike kwa moto mdogo mkikoroga kwa mwiko mpaka yote yawe kitu kimoja, mfano wa ugali laini. Huchukua saa moja au mbili. Mimineni kwenye kibao, ikatwe kesho yake, ikae kivulini penye upepo wiki nne. Ikiwa njema, endeleeni na mafungu tisa yaliyobaki.

Mtajuaje kuwa ni njema? Unga mwembamba mweupe juu ya kipande hauna neno. Ni kostiki kidogo ya usoni iliyokutana na hewa ikageuka magadi. Cha kuogopwa ni matone ya majimaji juu ya kipande, au vifuko vya maji au vya unga mkikikata. Usiwape wateja sabuni ya namna hiyo. Wengine hupima kwa manjano, wakiona yamegeuka mekundu husema sabuni ni mbaya. Hapana. Manjano hugeuka mekundu kwa kila sabuni, hata iliyo njema kabisa. Aliyewahi kufua kanga yenye doa la mchuzi ameliona hilo kwa macho yake.

Nimesema sufuria ya chuma cha pua au ya enameli, na hapa nisimame kidogo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki hula alumini. Mimi somo hili nililipata kwa hasara: niliacha maji ya kostiki katika sufuria ya nyumbani, yakaanza kuchemka yenyewe bila moto, na asubuhi sufuria ilikuwa imetoboka. Povu lile hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na moto wa jiko. Tumieni ndoo ngumu ya plastiki na mwiko wa mti.

Pia, kostiki ndiyo hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, na kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, kwani yataruka usoni. Kwa kilo moja ya mafuta maji ya mililita 350 yanatosha. Yatapata moto karibu wa kuchemka, kwa hiyo kazi hii ifanyiwe uani, si jikoni. Yakishapoa hadi ndoo ishikike kwa mkono, ndipo humiminwa polepole katika mafuta, na kukorogwa mpaka yawe kama uji mzito ambao mwiko huacha alama juu yake.

Sasa nasema na wenye watoto, yaani karibu sisi sote. Maji ya kostiki ni meupe kama maji ya kunywa. Yakiwekwa katika chupa ya soda au ya maji, mtoto mwenye kiu atayanywa, na koo lililoungua kwa kostiki likipona hujikunja na kuziba, mtoto akashindwa kumeza chakula kwa miaka. Maji ya kostiki yatengenezwe siku ya kazi na kuisha siku hiyo hiyo. Likitokea la kutokea, msimtapishe, msimpe ndimu wala siki. Mwosheni kinywa kwa maji na kumkimbiza hospitali saa hiyo hiyo. Ikiruka kwenye ngozi au jichoni, ni maji safi yanayotiririka, dakika 20 bila kuacha, halafu hospitali.

Katibu ameuliza mwishoni kama wanaweza kuwarudia wateja wale wale. Wanaweza, wakianza na yule mama aliyebambuka vidole: wamrudishie fedha yake, wampe na kipande kipya bure. Na watafute daftari, kila sabuni iandikwe siku yake, aina ya mafuta, uzito wa mafuta kwa kilo na kostiki kwa gramu. Ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, zipo mikoani, na mafunzo ya sabuni ni moja ya kazi zao. Daftari hilo wakienda nalo watasaidiwa upesi zaidi. Wifi wa Tanga naye apelekewe salamu, na kipande kimoja cha sabuni ya shahamu.