Sura ya Sita: Kidonge na Majirani Zake

Penye dirisha la kutolea dawa, mfamasia amwulizapo mama wa makamo, "Dawa nyingine watumia, mama?" jibu aghalabu ni lile lile: "Situmii, mwanangu." Wala hasemi uongo, kwani vile vidonge vyeupe vya kutafuna alivyovifunga kwenye pindo la kanga, vya kutuliza kiungulia kila amalizapo chakula cha usiku, yeye havihesabu kuwa dawa, dawa kwake ni kile alichoandikiwa na daktari, na vinginevyo ni vitu vya dukani, havina tofauti kubwa na peremende. Katika vitu hivyo visivyohesabiwa ndimo itokamo sehemu kubwa ya madhara tutakayoyaeleza.

Kidonge anachopewa mama huyu, ambacho ndicho kimezwacho siku hizi na wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi katika Tanzania na Kenya, kimekusanya dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300, na dolutegraviri miligramu 50. Hii ya tatu iliidhinishwa Marekani mwaka 2013, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kuwa ndiyo ya kutangulizwa katika tiba. Na kwa haki ilistahili, maana hufubaza virusi upesi, na wagonjwa waliosumbuliwa na kizunguzungu na ndoto za kutisha za efavirenzi, dawa iliyotumika kabla yake, waliipokea kwa shukrani. Ni dawa yenye ugomvi mchache na wenziwe, lakini uchache huo usidhaniwe kuwa ni amani kamili.

Virusi vinapoingia katika seli hutaka kuvipachika vinasaba vyao ndani ya vinasaba vya seli ile, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya ambacho hakiwezi kitu pasipo chembe mbili za madini ya magnesiamu zilizokaa katikati yake. Dolutegraviri huja ikazikamata chembe hizo mbili, na kimeng'enya kikabaki kama cherehani isiyo na sindano. Hiyo ndiyo nguvu ya dawa, na hiyo hiyo ndiyo aibu yake, kwa kuwa mkono uliozoea kukamata madini haubagui mahali: ukiyakuta tumboni, yametoka katika kidonge cha kiungulia kilichojaa magnesiamu na alumini, utayakamata huko huko, na kilichoshikamana hakipenyi vyema kuta za utumbo kuingia katika damu. Mgonjwa amemeza dawa yake kwa saa barabara, bila ya kukosa hata siku moja, ilhali nyingi katika hiyo yatoka na choo.

Kwa sababu hiyo kanuni ni kuwa kidonge kitangulie dawa ya kiungulia kwa saa mbili, au kiifuate baada ya saa sita. Mfamasia mwenye busara hamsomei mama kanuni kisha akamwacha. Humwuliza kwanza kiungulia humshika saa ngapi, na akiambiwa ni usiku baada ya kula, humhamishia kidonge saa kumi na mbili asubuhi, ili tangu saa mbili asubuhi hata saa sita ya usiku awe huru kutafuna atakacho. Ama vidonge vya kuongeza damu wapewavyo wajawazito, ambavyo ni chuma, na vile vya kalsiamu, hivyo vina nafuu: vyaweza kumezwa pamoja na dolutegraviri endapo vyote vinamezwa na chakula, lakini tumbo likiwa tupu, hesabu ni ile ile ya mbili na sita.

Ugomvi wa pili hauko tumboni bali kwenye ini, na mchokozi wake ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu ambayo kila aliyeitumia aikumbuka kwa kuugeuza mkojo rangi ya chungwa. Rifampisini huliamuru ini lizidishe vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa, na ini, likiisha kuzoea kazi hiyo, huivunja na dolutegraviri kabla haijatimiza wajibu wake. Wala dawa ya kifua kikuu haiachwi. Dolutegraviri ndiyo huongezwa, mgonjwa akameza kidonge chake cha kawaida asubuhi, na baada ya saa 12 dolutegraviri pekee miligramu 50. Wengi hufurahi kukiacha hiki cha pili siku ile ile waliyomaliza rifampisini, na hapo hukosea, kwani ini halitulii kwa siku moja: chahitajika kuendelea wiki mbili zaidi. Baadhi ya dawa za kifafa, mathalan karbamazepini, zina tabia kama hiyo.

Kwenye figo mambo hugeuka, ikawa dolutegraviri ndiyo imdhulumuyo mwenziwe. Metformini ya wenye kisukari hutoka mwilini kwa mlango wa figo, na dolutegraviri huuziba mlango huo kiasi, hata metformini mwilini ikazidi kwa karibu asilimia 79. Kwa hiyo aghalabu haitakiwi kupita miligramu 1,000 kwa siku. Kreatinini nayo hupita mlango huo, ndiyo maana kipimo chake hupanda kidogo wiki za mwanzo pasipo figo kudhurika. Tabibu aliyelisahau hilo huweza kumwachisha mtu dawa njema bure.

Mfamasia aulizapo dawa nyingine, mizizi na majani yachemshwayo nyumbani yatajwe nayo, bila ya haya, hata kama mhudumu atakunja uso. Kosa hapo ni la uso ule.

Nimeona watu ambao, wakiisha kusikia habari hizi, huogopa mchanganyiko wakaona heri waache kidonge chenyewe, nami naona hatari hiyo yazidi zote. Virusi hurudi kuzaana. Na mwenye homa ya ini aina ya B ana la ziada, kwa kuwa tenofoviri na lamivudini zilikuwa zikimzuilia na ugonjwa huo pia, pengine bila ya yeye kujua, na siku azikatizapo ghafula, ini laweza kuwaka upya.