Pipa la Maji Lilikuwa Hatua Mbili Tu

Kijana aliletwa kwa bodaboda, jicho la kulia limefungwa leso. Alikuwa akipiga lipu dari, uso kauelekeza juu, tonge la simenti na chokaa likamdondokea jichoni. Wenzake hawakuzembea: walimfunga, wakasimamisha pikipiki, wakamwahisha. Safari ikachukua dakika 40. Nilipomuuliza kama alinawa kwanza, akasema waliogopa maji yangeigandisha simenti humo ndani. Pipa la maji safi ya kukorogea lilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama.

Simenti mbichi na chokaa ni alkali kali, na alkali ina ubaya wake. Asidi, kama maji ya betri ya gari, ikigusa jicho hugandisha protini ya juu, mfano wa ute wa yai kikaangoni, na tabaka hilo lililoganda huizuia kiasi isizame. Si kwamba haina madhara, lakini hujifungia njia. Alkali haigandishi kitu. Inayeyusha mafuta yaliyo kwenye utando wa seli, kazi ileile inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kisha inajipenyeza. Nayo konea, kile kioo cha mbele cha jicho, katikati ina unene wa takriban nusu milimita. Dakika chache zinatosha alkali kuvuka.

Kwa hiyo dawa ni maji, palepale. Ya bomba, ya chupa, ya dumu, yoyote yaliyo safi kuliko mengine yaliyo karibu. Asiende mtu kuyachemsha. Mgonjwa alale au aketi, kichwa kiinamie upande wa jicho lililoumia ili maji yasitiririkie lile zima. Mwenzake ayafungue makope kwa vidole, maana jicho linalochoma hujifumba kwa nguvu, na maji yanayopita juu ya jicho lililofumbwa yanalowesha shati tu. Mimina polepole kuanzia upande wa pua. Mwambie azungushe jicho juu, chini, kulia, kushoto. Dakika 20 kwa uchache. Kwa simenti, chokaa au kostiki ya kutengenezea sabuni, 30. Shika saa, kwa sababu anayemimina huona dakika 3 zimekuwa nyingi. Na asije mtu na siki au ndimu eti kuizima alkali. Hiyo ni kemia ya chupa za maabara, si ya jicho.

Tulipolikunja kope la juu la yule kijana kwa kijiti cha pamba tulikuta chembe ya chokaa, ndogo kama punje ya mchele iliyovunjika, imejibanza. Muda wote wa safari ilikuwa ikiendelea kuunguza. Tulimwosha kwa chupa kadhaa za maji ya dripu, huku tukipima kwa karatasi ya litmasi mpaka jicho likatulia. Anaona leo, ila kwa jicho hilo ni kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia jembamba.

Kanuni hiyohiyo inamhusu aliyetemewa na swila. Nyoka huyu hulenga uso, na sumu yake ikiachwa juu ya konea huleta kidonda. Osha mara moja, kisha hospitali. Wafugaji huniuliza kuhusu maziwa. Jibu langu ni kwamba porini pasipo tone la maji, maziwa ni afadhali kuliko kukaa bila kuosha. Lakini kama maji yapo, maziwa ni ya chai.

Sasa nigeuze maneno, kwani kuna jicho ambalo maji hayo yanaweza kulimaliza. Ni jicho lililotoboka. Mtoto kachomwa na waya wa gari lake la kuchezea, au jiwe la manati limempasua, au fundi wa gereji kapiga chuma kwa chuma na kipande kikaruka. Hicho cha gereji ndicho kinachonitia hofu zaidi. Kibanzi kinakwenda kasi, kinaingia na kuacha tundu dogo lisiloonekana kwa urahisi, maumivu yanapoa, fundi anarudi kazini. Kumbe chuma kiko ndani kinapata kutu, na kutu hiyo huiua retina taratibu. Aliyekuwa akigonga nyundo akahisi kitu kimempiga jichoni, apimwe hata kama anaona vizuri. Na amweleze daktari ni chuma, ili asije akaingizwa kwenye kipimo cha MRI, ambacho ni sumaku.

Dalili za kutoboka ni mboni iliyovutika ikawa na umbo la tone badala ya duara, kitu cheusi au cha utelezi kinachochomoza, jicho lililolegea, uoni uliopotea ghafla. Hapo mikono nyuma. Usioshe, usitie matone, usipake mafuta, usichomoe kilichonasa. Wala usilifunge kwa bandeji ya kubana. Mgandamizo wa kidole tu unaweza kuvimiminisha nje vilivyo ndani. Chukua kikombe cha plastiki au kopo la karatasi, kata kitako chake, kifunike jicho kingo zikikaa juu ya mfupa wa paji na wa shavu, kisha kibandike kwa plasta. Asile wala asinywe, kwa kuwa huenda atalazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji. Asafiri kichwa kikiwa juu. Akifika aulizwe habari za chanjo ya pepopunda.

Mwaka 1812, huko Coupvray, Ufaransa, mtoto wa miaka 3 aliingia katika karakana ya baba yake, mtengenezaji wa matandiko ya farasi, akajichoma jicho moja kwa msharasi. Alipofikisha miaka 5 alikuwa haoni kwa yote mawili. Huyo ni Louis Braille, ambaye maandishi ya nukta yanaitwa kwa jina lake. Kilichohamia jicho la pili huenda kilikuwa maambukizi, huenda kinga ya mwili iliyochanganyikiwa ikalishambulia lile zima. Yote mawili hutokea. Mimi nikimsoma Braille huwaza ule msharasi, ulivyoachwa mahali mkono wa mtoto unapofika.

Mikwaruzo ni jambo la kila msimu wa kilimo. Jani la mhindi linapitisha ukingo wake juu ya konea, mkulima anafikicha, mama mkwe anashauri maziwa ya mama au utomvu wa jani fulani, na vimelea wanapata mlango. Wengine hukimbilia duka la dawa, wakauziwa matone yenye steroidi. Wekundu unapungua siku mbili, mgonjwa anashukuru, huku fangasi wakila konea bila kusumbuliwa. Utafiti wa Bhaktapur, Nepal, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa mafuta ya kloramfenikoli yakipakwa mara 3 kwa siku kwa siku 3, mapema baada ya mchubuko, huzuia vidonda vya konea. Mafuta hayo ni ya bei nafuu. Ukiona doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho, hata hayo yaache, uende hospitali siku hiyohiyo.

Wagonjwa wa kuchomelea vyuma huja usiku. Mwanga wa kuchomelea huunguza ngozi ya juu ya konea, lakini maumivu husubiri saa 6 hadi 12, kisha mtu anaamka kama aliyemwagiwa mchanga wa moto. Hupona yenyewe kwa siku moja hadi tatu. Wengi huomba yale matone ya ganzi tunayotumia wakati wa kupima, waende nayo nyumbani. Hatuwapi; yakitumiwa mfululizo huzuia konea kupona na huweza kuiharibu kabisa. Miwani ya jua si kinga ya kazi hii. Inatakiwa barakoa yenye kioo cha kuchomelea, namba 10 au zaidi.

Na tatizo halimhusu fundi peke yake. Karakana nyingi ziko kando ya barabara, na watoto waliotoka shule husimama kutazama cheche. Fundi kavaa barakoa yake, wao wamekodoa. Karibu na ninapoishi kuna mmoja aliyetundika turubai kuukuu la lori upande wa njia. Watoto walinuna wiki nzima, kisha wakahamia kwa muuza miwa.