Bendi Isiyo na Ngoma: Habari za Django Reinhardt na Wenzake Wanne

Bendi nyingi za dansi hujengwa juu ya ngoma na tarumbeta. Mwenye kuunda bendi hutafuta kwanza mpiga ngoma hodari wa kushika mwendo, kisha hutafuta wapulizaji wa kuchangamsha ukumbi. Lakini mnamo mwaka 1934 ilitokea mjini Paris, Ufaransa, bendi ya watu watano isiyo na ngoma hata moja wala tarumbeta. Ilikuwa na magitaa matatu, fidla moja na besi kubwa ya kusimama. Aliyeongoza magitaa hayo alikuwa kijana ambaye vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vililemazwa na moto. Bendi hiyo iliitwa Quintette du Hot Club de France, na mpiga gitaa huyo alikuwa Django Reinhardt.

MTOTO WA NJIANI

Django alizaliwa tarehe 23 Januari, 1910, karibu na kijiji cha Liberchies nchini Ubelgiji. Kijiji hicho hakikuwa kwao. Wazazi wake walikuwa Wamanouche, tawi mojawapo la Wajipsi, ambao kwa karne nyingi waliishi Ulaya wakihama mji hadi mji, na nyumba zao zilikuwa magari ya mbao ya kukokotwa na farasi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jamaa yake ilipiga kambi nje ya malango ya Paris, katika viwanja vya watu mafukara. Mtoto hakupata elimu ya shule. Alikua bila kujua kusoma, na hata alipokuwa mashuhuri hakuweza kuzisoma noti za muziki.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipewa banjo yenye shingo kama ya gitaa. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza kwa kutazama vidole vya wakubwa wake. Haukupita muda mrefu akawa analipwa ujira katika kumbi ndogo za dansi, akiwasindikiza wapiga kodiani. Mwaka 1928 alishiriki katika santuri zake za kwanza, na jina lake likaandikwa kwa makosa juu ya santuri hizo. Mwaka huo huo kiongozi mashuhuri wa bendi kutoka Uingereza, Jack Hylton, alimsikiliza akipiga na akataka kumwajiri. Mlango wa riziki ulikuwa umefunguka.

MOTO NDANI YA GARI

Kabla ya mwaka huo kwisha, riziki hiyo iliponyoka. Django alikuwa na miaka 18, akiishi na mkewe kijana, Bella, ndani ya gari lao. Bella alikuwa akitengeneza maua ya bandia ya kuuza, na miongoni mwa vifaa vyake ilikuwamo seluloidi, kitu kinachoshika moto upesi mno. Usiku mmoja Django aliporejea kutoka kazini, mshumaa ulianguka juu ya maua hayo. Kufumba na kufumbua gari lote likawa ndimi za moto. Wote wawili walitoka wakiwa hai, lakini Django aliungua vibaya mguu wa kulia na mkono wa kushoto.

Madaktari walitaka kuukata mguu. Alikataa. Aliuguzwa kwa muda wa miezi 18 hivi, na mguu ukapona. Mkono haukupona sawasawa: kidole cha pete na kile cha mwisho vilibaki vimejikunja, na mishipa yake imekaza. Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi za gitaa, na mpigaji wa kawaida hutumia vidole vyake vinne. Mtu aliyebakiwa na viwili angeshauriwa kutafuta kazi nyingine.

Hapo ndipo ilipoonekana faida ya ndugu. Mdogo wake, Joseph, ambaye naye alikuwa mpiga gitaa, alimletea gitaa alipokuwa akiuguzwa. Django akaanza upya, kama mtoto. Nyimbo zilizotaka vidole vinne alizitafutia njia nyingine: badala ya kutandaza vidole kwa upana, aliviteremsha na kuvipandisha vidole viwili vizima kwa kasi katika urefu wote wa shingo ya gitaa. Vile vilivyolemaa alivitumia mara chache kubania nyuzi nyembamba, pale ilipowezekana. Kazi hiyo ilimchukua miezi mingi. Alipoinuka hakuwa tena na upigaji wake wa zamani, wala hakuwa na upigaji wa mtu mwingine yeyote.

Miaka michache baadaye, akiwa mjini Toulon kusini mwa Ufaransa, mchoraji na mpiga picha mmoja aitwaye Émile Savitry alimsikilizisha santuri za Marekani, zikiwamo za mpiga tarumbeta Louis Armstrong. Tangu siku hizo jazi ikawa ndiyo njia yake.

NYUMA YA PAZIA LA HOTELI

Mwenzake mkubwa alikuwa Stéphane Grappelli, aliyezaliwa Paris mwaka 1908. Huyu naye hakulelewa kwa raha. Mama yake alifariki angali mdogo, na baba yake, Mwitalia, alipokwenda vitani mwaka 1914, mtoto aliishia katika nyumba ya mayatima. Vita vilipokwisha baba alimtafutia fidla, na kijana akajifunza mwenyewe. Alipiga katika nyua za majumba ya Paris ili arushiwe senti kutoka madirishani, na baadaye katika sinema za siku zile ambapo filamu hazikuwa na sauti.

Mwaka 1934 wanamuziki hawa wawili walijikuta katika bendi moja, iliyoongozwa na mpiga besi Louis Vola, wakiwatumbuiza wageni wanywa chai katika Hoteli Claridge. Wageni walitaka muziki wa upole. Lakini wakati wa mapumziko, nyuma ya pazia, Grappelli alizoea kujaribu fidla yake, na Django akamfuatisha kwa gitaa. Wakapendezwa. Siku ya pili wakarudia, na Vola akajiunga kwa besi. Kisha akaitwa Roger Chaput, mpiga gitaa wa pili.

Ikatokea manung'uniko. Django alilalamika kwamba Grappelli anapoongoza husindikizwa na magitaa mawili, bali yeye anapoongoza hubakiwa na moja tu. Lalamiko hilo likatatuliwa kwa kumwita Joseph. Hivyo ndivyo watano walivyotimia.

Ukosefu wa ngoma haukuwadhuru. Magitaa mawili ya nyuma yalipigwa kwa nguvu, nyuzi zote kwa mkupuo, na kila mlio ukakatwa papo hapo. Pigo la pili na la nne likatiwa uzito zaidi. Mwendo huo, ambao Wafaransa huuita «pampu», ulifanya kazi ya ngoma. Juu yake fidla na gitaa la Django zilijibizana kama watu wawili wanaofahamiana vyema.

Wapenzi wa jazi waliokuwa wameunda chama cha Hot Club de France, miongoni mwao Charles Delaunay na Pierre Nourry, waliwapa jina la chama chao. Kampuni moja ya santuri iliwakataa kwa kuona kwamba muziki wao ni wa kisasa kupita kiasi. Kampuni ya Ultraphone iliwapokea, na mwezi wa Desemba, 1934, santuri zao za kwanza zikarekodiwa. Mwezi huo huo walijitokeza mbele ya hadhira katika ukumbi wa École Normale de Musique.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya neema. Wapigaji wa nyuma walibadilika mara kwa mara, lakini Django na Grappelli walibaki. «Minor Swing», waliyoirekodi mwaka 1937, hupigwa hata leo na kila anayejifunza mtindo huu. Uhusiano wao haukuwa mwepesi. Grappelli alijali saa na mikataba. Django angeweza kutokufika kazini kwa sababu tu ameamua kwenda kuvua samaki.

VITA VYAWATENGANISHA

Mwezi wa Septemba, 1939, vita vilipotangazwa, bendi ilikuwa London. Grappelli alikuwa mgonjwa, akabaki Uingereza. Django alirudi Paris. Hawakuonana kwa zaidi ya miaka sita.

Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliiteka Paris. Utawala wa Kinazi uliwachinja Wajipsi wa Ulaya kwa malaki. Wengi walipelekwa katika kambi za mauti. Django alikuwa mmoja wao kwa damu, na muziki wake ulikuwa ule uliolaaniwa na Wanazi. Hata hivyo kumbi za Paris zilijaa, na miongoni mwa wasikilizaji walikuwamo askari wa Kijerumani wenyewe. Aliunda kikosi kipya, akaweka klarineti mahali pa fidla, na safari hii akaongeza ngoma. Mwaka 1940 alirekodi «Nuages», maana yake «Mawingu», muziki wa pole uliopendwa mno na Wafaransa katika miaka hiyo ya dhiki.

Mwaka 1943 alijaribu kukimbilia Uswisi. Alikamatwa, na inasimuliwa kwamba alinusurika kwa kuwa ofisa wa Kijerumani aliyemhoji alikuwa mpenzi wa muziki wake. Akajaribu tena, na mara hii walinzi wa mpaka wa Uswisi wakamrudisha. Alibaki Paris hadi ilipokombolewa mwaka 1944. Sifa zilimkinga yeye. Watu wengi wa jamii yake hawakuwa na kinga hiyo.

Mapema mwaka 1946 alikutana tena na Grappelli mjini London. Grappelli alisimulia baadaye kwamba walichukua vyombo vyao na pasipo mashauri wakaanza kuupiga wimbo wa taifa la Ufaransa kwa mtindo wao. Waliurekodi vivyo hivyo.

BAADA YAO

Mwishoni mwa mwaka huo Django alizuru Marekani pamoja na bendi ya Duke Ellington. Mwaka 1949 alirekodi pamoja na Grappelli mjini Roma nyimbo nyingi, kisha njia zao zikaachana. Alihamia Samois-sur-Seine, kijiji kilicho kando ya mto, akawa anavua samaki na kupiga muziki apendapo. Hapo ndipo alipofariki ghafla tarehe 16 Mei, 1953, kwa kupasuka mshipa wa ubongo. Alikuwa na miaka 43. Grappelli aliishi hadi mwaka 1997, akipiga fidla mpaka uzeeni.

Muziki wao haukuzikwa. Mwaka 1968 lilianzishwa huko Samois tamasha la kumkumbuka Django. Mwaka 2007 ilipiga katika tamasha hilo bendi changa ya Paris, Caravan Palace, ambayo kiini chake kilikuwa vijana watatu: Hugues Payen wa fidla, Arnaud Vial wa gitaa na Charles Delaporte wa besi, pamoja na mwimbaji Zoé Colotis. Vyombo hivyo vitatu ni vile vile vya mwaka 1934. Kazi iliyofanywa na magitaa mawili ya nyuma, wao waliikabidhi kwa mashine za umeme zinazotoa mapigo mazito ya disko. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2008, nyingine zikafuata mwaka 2012, 2015, 2019 na 2024, na mtindo huo wa swingi ya umeme ukavuka mipaka ya Ufaransa.

Wazee wengine hulalamika kwamba mashine imeingia mahali pasipoihusu. Lakini hata wale watano wa kwanza waliwahi kukataliwa kwa kosa la kuwa wa kisasa mno. Anayetaka kuamua mwenyewe na asikilize kwanza «Minor Swing», kisha nyimbo za vijana hao, na asisahau kwamba katika ile ya kwanza anayebana nyuzi ana vidole viwili tu.