Kelele Hazizuiwi na Trei za Mayai, Huzuiwa na Uzito

WENYE gesti, zahanati, ofisi za mikopo na nyumba za kupangisha katika Kata ya Dirma, wilayani Hanang, wanahitaji bidhaa moja isiyouzwa kwa kilo wala kwa futi. Bidhaa hiyo ni utulivu, na ikikosekana hasara yake huonekana kwenye daftari la mapato.

Mgeni aliyekoseshwa usingizi na muziki wa baa ya jirani harudi tena. Mgonjwa akijua kuwa waliopo kwenye benchi la nje wanasikia anayomweleza daktari, huficha nusu ya ugonjwa wake. Naye mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa akisikia deni la mwenzake likitajwa chumba cha pili, huanza kujiuliza la kwake limesikiwa na wangapi.

Ndiyo maana wengi hutafuta dawa ya kelele. Tatizo ni kwamba fedha nyingi huishia kwenye vitu visivyofanya kazi hiyo, huku vile vinavyoifanya, ambavyo baadhi ni vya bei nafuu, vikiachwa dukani.

Elimu ya tembe

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba sauti inayopita hewani huzuiwa na kitu kizito. Kila uzito wa ukuta unapoongezwa mara mbili, kelele inayopenya hupungua kwa desibeli zipatazo 5 hadi 6. Kelele ikipungua kwa desibeli 10, sikio la binadamu huihisi kama imepungua nusu.

Wakazi wa Mbulu na Hanang waliishi ndani ya kanuni hiyo kabla ya kufika bati. Tembe ya Wairaqw, kama ile ya Wadatoga, ilikuwa fupi, ya miti na udongo, na paa lake bapa lilifunikwa kwa udongo. Kwenye miinuko ya Mbulu nyumba nyingi zilichimbwa kwenye mteremko, hata upande wa nyuma ukawa ni kilima chenyewe. Sababu zilikuwa baridi, upepo na usalama dhidi ya wavamizi wa mifugo. Utulivu ulikuwa faida ya ziada.

Hesabu yake ni rahisi. Udongo wa unene wa sentimita 20 una uzito wa kilo zipatazo 300 kwa kila mita moja ya mraba. Bati lenye unene wa milimita 0.3 lina uzito wa kilo 2 na nusu hivi kwa eneo hilo hilo. Aliyetoka kwenye tembe na kuingia kwenye nyumba ya bati alipunguza uzito wa paa lake zaidi ya mara 100.

Hakuna anayewashauri watu warudi kwenye tembe. Bati halivuji, halihitaji kukandikwa kila mwaka na huvuna maji ya mvua. Lakini anayelinunua afahamu kwamba ameacha kitu kilichokuwa kikimlinda na kelele, na kwamba itambidi kurudisha uzito huo kwa njia nyingine.

Fedha inayopotea

Trei za mayai ndizo zinazoongoza kwa sifa zisizo zao. Hubandikwa kwenye kuta za vibanda vya video, studio ndogo na kumbi za ibada kwa imani kwamba zinazuia sauti. Trei ni karatasi nyepesi yenye vinundu, na kelele ya nje huipita kana kwamba haipo. Zaidi ya hapo hushika moto upesi, na katika chumba chenye watu wengi hilo ni hatari kubwa.

Sponji za magodoro zilizopigiliwa ukutani, mazulia na mapazia mazito vina kazi yake, ila ni kazi nyingine. Hupunguza mwangwi ndani ya chumba, hivyo mazungumzo ya mkutano husikika vizuri zaidi. Havizuii sauti kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kuzuia mwangwi na kuzuia kelele isipite ni shughuli mbili tofauti, na mnunuzi anayezichanganya hulipia moja akitegemea kupata nyingine. Sponji nazo huwaka kwa moshi wenye sumu.

Ua wa minyaa au mstari mmoja wa miti kuzunguka plot hupendeza na huzuia vumbi. Kwa kelele ya baa hausaidii kitu cha kuhesabika. Ukuta wa matofali usio na matundu, mrefu kiasi cha kumficha jirani na spika zake, husaidia kwa kiasi, na husaidia zaidi ukiwa karibu na chanzo cha kelele au karibu na dirisha linalolindwa.

Mianya ndiyo mwizi

Ukuta wa matofali ya kuchoma uliopigwa lipu pande zote mbili hupunguza kelele kwa desibeli zipatazo 45. Hicho ni kiwango kizuri kwa ofisi yoyote. Kwa nini basi ofisi nyingi zenye kuta za namna hiyo hazina siri?

Jibu liko juu ya ukuta. Chukua ukuta wenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2 na nusu, yaani mita za mraba 10. Fundi akiacha upenyo wa sentimita 2 na nusu tu kati ya mtambaapanya na bati, upenyo huo ni asilimia 1 ya ukuta wote. Kwa asilimia hiyo moja, ukuta hauwezi tena kupunguza zaidi ya desibeli 20, hata ungejengwa kwa mawe ya mlimani. Mwenye jengo amelipia matofali, simenti na fundi, kisha amepoteza zaidi ya nusu ya desibeli alizonunua kwenye upenyo usiofika vidole viwili.

Kasoro nyingine ni kuta za ndani zinazoishia usawa wa dari. Juu ya dari hubaki uwazi mmoja kwa vyumba vyote, na dari ikiwa ya silingibodi nyepesi, sauti hupanda chumba kimoja na kushukia kingine. Dawa yake ni kozi chache za matofali kupandishwa hadi chini ya bati na kuzibwa kwa udongo au simenti. Kazi hiyo ni rahisi nyumba inapojengwa na ni usumbufu baadaye, hivyo mwenye jengo aisimamie kabla fundi hajafunga dari.

Mlango nao ni mwanya. Mlango wa plaiwudi wenye uwazi ndani ni mwepesi, wakati wa mbao ngumu ni mzito na hufanya kazi. Lakini hata mlango bora ukiacha nafasi chini, sauti hupita hapo. Kipande cha mpira wa tyubu ya gari kikipigiliwa chini ya mlango hadi kiguse sakafu, na mpira mwembamba ukizungushwa kwenye fremu, tofauti husikika siku hiyo hiyo. Kwenye madirisha, vioo vya luva haviwezi kufungika sawasawa. Dirisha la kufunguka kwa bawaba, lenye kioo kinene na mpira pembezoni, huzuia zaidi, na hulipita pia lile la kusukuma pembeni.

Mvua juu ya bati

Mvua ni jambo la peke yake, kwa sababu bati lenyewe hugeuka ngoma. Mwalimu hunyamaza hadi mvua iishe, na kipindi hupotea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele isizidi desibeli 35 darasani wakati wa masomo na desibeli 30 chumbani usiku. Bati tupu katika mvua kubwa hupita viwango hivyo kwa mbali.

Dari nzito iliyofungwa bila mianya ndiyo hatua ya kwanza. Jipsamu ya tabaka mbili, maungio yakipishana, ni bora kuliko tabaka moja la silingibodi. Anayeanza kuezeka anaweza kutandika plaiwudi iliyogusana na bati ili kuzima mtetemo wake, au kuchagua vigae vya bati vyenye changarawe. Vigae vya udongo vina utulivu zaidi, ila ni vizito na kenchi lazima ziwe imara tangu mwanzo. Kumwaga udongo au mchanga juu ya dari ya kawaida si akili, kwani haikujengwa kubeba mzigo huo.

Kuanzia kwenye chanzo

Mwenye mashine ya kusaga au jenereta ana uwezo mkubwa kuliko jirani zake wote. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, kelele hupungua kwa desibeli zipatazo 6. Mashine iliyo mita 10 kutoka nyumba ya mtu ikiwekwa mita 40, kelele hupungua kwa desibeli 12, na hakuna hata tofali moja lililonunuliwa. Sailensa nzima, eksozi inayoelekea mbali na makazi, na msingi wa zege usioshikana na sakafu ya jengo, wenye vipande vya tairi chini ya mashine, humaliza sehemu kubwa ya tatizo. Palipo na umeme, mota huwa na kelele ndogo kuliko injini ya dizeli.

Mwenye baa naye akumbuke kwamba sheria ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitolewa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Tahadhari na mpangilio wa matumizi

Usiku wa Hanang una baridi, na wengi huingiza jiko la mkaa chumbani. Chumba kilichozibwa kila mwanya na chenye jiko linalowaka ni kaburi, kwa kuwa gesi ya mkaa haina harufu na huua aliyelala. Asiyeweza kuacha jiko la ndani asizibe chumba. Anayeziba aache njia ya hewa upande usio na kelele.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wenye faida ni huu: kwanza azibe mianya ya juu ya ukuta na chini ya mlango, pili apandishe kuta za ndani hadi kwenye bati, tatu aongeze uzito wa dari, nne abadilishe mlango na dirisha. Sponji na mazulia viwe vya mwisho, na viwe kwa ajili ya mwangwi tu. Trei za mayai zibaki kubebea mayai kwenda mnadani.