Kompyuta Imeongezwa Nguvu, Skrini Ikabaki Nyeusi: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuita Fundi

Wiki ya mwisho ya Juni huwa na foleni katika saiba nyingi. Makataa ya kuwasilisha ritani za kodi ni tarehe 30, na kila mwenye PIN ya KRA ambaye hajawasilisha anaangalia saa. Huo ndio wakati ambapo mwenye saiba huamua kuziongeza nguvu mashine zake zilizochoka. Ananunua RAM ya GB 8, pengine na kadi ya grafiki, anafungua kasha, anachomeka, anawasha. Feni zinazunguka na taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi tititi.

Fundi anapigiwa simu na kusema, kabla hata ya kuiona mashine, kwamba mazabodi imeungua. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kuna mashine ambazo zingepona kwa kuhamisha waya mmoja kutoka tundu moja hadi jingine, na mwenyewe akauziwa mazabodi ambayo hakuihitaji.

Kompyuta iliyofanya kazi asubuhi na kukataa baada ya kufunguliwa ina mshukiwa wake wa kwanza: kile kilichoguswa. Kwa hivyo kifaa kipya kitolewe, cha zamani kirudishwe mahali pake, kisha mashine iwashwe. Picha ikirudi, mazabodi ni nzima, na kinachobaki kuchunguzwa ni kifaa kipya na jinsi kilivyowekwa. Ndiyo maana RAM ya zamani haifai kuuzwa wala kutupwa siku hiyohiyo. Kabla ya kugusa chochote ndani, kompyuta izimwe, waya wa stima uchomolewe ukutani, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Mkono nao uguse kwanza chuma cha kasha, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuua RAM bila mtu kuhisi lolote.

Hata kabla ya kufungua kasha, kibodi inaweza kueleza mengi. Baada ya kusubiri dakika moja au mbili, kitufe cha Caps Lock kibonyezwe mara kadhaa. Taa yake ikiwaka na kuzima kila kinapobonyezwa, kompyuta iko hai, ila picha haifiki kwenye monita. Taa isipobadilika, huenda mashine imekwama kabla ya kuanza kazi, na hapo RAM na umeme ndivyo vya kutazamwa kwanza. Monita yenyewe hupimwa kwa kuchomoa waya wa picha ikiwa imewashwa. Ikionyesha ujumbe kwamba haipokei chochote, basi haina neno.

Kosa la kawaida baada ya kuweka kadi ya grafiki ni la tundu. Nyuma ya kompyuta ya mezani yenye kadi kuna sehemu mbili za kuchomeka monita. Ya kwanza iko karibu na matundu ya USB na kibodi, nayo ni ya mazabodi. Ya pili iko kwenye kadi yenyewe. Mashine nyingi zikishatambua kadi huzima matundu ya mazabodi, lakini mkono wa mwenyewe umezoea kurudisha waya pale ulipokuwa miaka yote. Akiuhamishia kwenye kadi, picha inatokea.

Kinyume chake pia hutokea. Kuna prosesa zisizo na uwezo wa kutoa picha zenyewe, mfano zile za Intel ambazo jina lake huishia kwa herufi F kama Core i5-10400F, au AMD Ryzen 5 3600. Mashine yenye prosesa ya aina hiyo ikitolewa kadi haitaonyesha kitu hata ikiwa nzima kabisa. Monita nayo ikaguliwe kwenye menyu yake: huenda waya mpya ni wa HDMI ilhali monita bado inasubiri picha kupitia VGA.

RAM inahitaji subira zaidi. Inapoingizwa, vishikizo vya pembeni vinapaswa kujifunga vyenyewe kwa mlio mdogo, na wengi huogopa kuikandamiza hadi mlio huo usikike. Upande mmoja ukibaki juu hata kidogo, skrini huwa nyeusi. Kama vipande ni viwili, kijaribiwe kimoja kimoja, na katika kila tundu. Maeneo ya pwani yana adha yake, kwani hewa yenye unyevu na chumvi huchakaza miguu ya shaba ya vifaa hivi. Miguu hiyo husafishwa kwa kuisugua polepole kwa raba ya penseli, kisha kupangusa mabaki yote kabla ya kurudisha.

Aina ya RAM ni jambo la kuulizia dukani. DDR3 ina miguu 240 na DDR4 ina 288, na mkato wa katikati hauko mahali pamoja, kwa hivyo haziwezi kubadilishana. Dell OptiPlex 9020, ambayo ni ya kawaida katika maduka ya mitumba, hutumia DDR3, wakati OptiPlex 3050 hutumia DDR4. RAM isiyoingia isilazimishwe. Inayopotosha zaidi ni RAM iliyotolewa kwenye seva: inaingia vizuri, vishikizo vinajifunga, bei yake ni ya kuvutia, ila kompyuta ya kawaida haiwaki nayo. Lebo yenye herufi R baada ya tarakimu za kasi, kwa mfano PC3-12800R, ni ishara ya RAM hiyo.

Kwa kadi za grafiki, umeme ndio kikwazo. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi huwa na mdomo wa pini 6 au 8 wa kupokea waya moja kwa moja kutoka pawa saplai. Waya huo ukisahaulika, feni za kadi zinaweza kuzunguka na picha isionekane. Kompyuta nyingi ndogo za ofisi zinazoingia nchini zikiwa zimetumika zina pawa saplai isiyofika wati 300, na pengine haina waya huo kabisa. Kuunganisha nyaya za kubahatisha ni kukaribisha moto. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe na asiye fundi, kwani ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Yote hayo yakishindikana, mipangilio ya BIOS inaweza kurudishwa mwanzo kwa kutoa betri ndogo ya duara aina ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi, kusubiri dakika tano na kuirudisha, waya wa stima ukiwa umechomolewa muda wote huo. Saa na tarehe ya kompyuta zitapotea, na zisiporekebishwa tovuti kama eCitizen zinaweza kukataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Kwenye mashine zilizo na kinga ya BitLocker, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufungua diski. Asiye na ufunguo huo anaweza kupoteza kila faili. Kwa hivyo utafutwe na uandikwe kwenye karatasi kabla ya kazi ya kuongeza nguvu kuanza, siyo baada ya skrini kuwa nyeusi.

Mashine mpya zenye DDR5 zina tabia nyingine. Zikiwashwa mara ya kwanza na RAM mpya zinaweza kukaa dakika kadhaa bila picha zikiipima. Anayezizima kila baada ya sekunde 30 huzifanya zianze upya.

Ikiwa nembo ya kompyuta hutokea kisha giza likafuata, vifaa vyenyewe vina uwezekano mkubwa wa kuwa sawa na tatizo ni la programu ya kuendesha kadi. Kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja huiwasha upya programu hiyo.

Wapo wanaoongeza RAM wakitarajia kuhamia Windows 11, baada ya Microsoft kusitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. RAM pekee haitoshi. Windows 11 inahitaji pia TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia, kwa jumla, kizazi cha nane. OptiPlex 9020 ni ya kizazi cha nne.

Kama fundi bado anahitajika, diski itolewe na ibaki kwa mwenyewe. Fundi hahitaji faili za mtu ili kujua kwa nini skrini haina picha. Diski ya saiba hubeba nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na nywila za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Fundi akisema mazabodi imekufa, aombwe kuonyesha mashine ikikataa kuwaka na RAM ya zamani, bila kadi, monita ikiwa kwenye tundu lake la awali.