MTEJA AKISEMA "NICHANGANYIE RANGI", MUULIZE KWANZA

Mimi nauza samaki wa mapambo hapa Kanyenye, Tabora. Fremu ni ndogo, wateja wengi nawapata WhatsApp. Mzigo wangu ni samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Njia ile ile ya misafara ya zamani ya Ujiji, sema wangu wanapanda treni, kwenye mifuko iliyojazwa oksijeni.

Mwaka juzi mteja aliona picha zangu akaniandikia: "Nina tangi la lita 100, nichanganyie rangi, kila aina watatu." Hela ikaingia hapo hapo. Nikamfungia frontosa wadogo, Tropheus, na wale vidogo wanaolala ndani ya maganda ya konokono. Nilifurahi kweli.

Miezi kadhaa baadaye akanijia juu kwenye komenti, mbele ya watu: unauza samaki wabovu! Wa kwenye maganda walikuwa wameisha wote. Tropheus kabaki mmoja.

Siku natuma walikuwa wazima kabisa. Kosa langu ni kuwaweka tangi moja.

Frontosa ukimnunua ana urefu wa kidole na anaonekana mpole. Lakini anakua hadi sentimita 30, na kule ziwani anakula samaki wadogo, anawavizia kukiwa na giza giza. Mwenzake asiyefika hata sentimita 6 ni kitoweo tu.

Tropheus ndiyo kesi yenyewe. Huyu anakwangua ule ukijani unaoota kwenye mawe. Ukimlisha chakula cha frontosa, chenye nyama nyingi, tumbo linaweza kuvimba akafa. Halafu ni mbabe. Wakiwa watatu, mwenye nguvu anamchagua mnyonge, anamfukuza mpaka afe, kisha anahamia kwa wa pili. Wanaowafuga vizuri wanaweka kumi na mbili au zaidi, ugomvi unagawanyika, haonewi mmoja peke yake. Na hao wanataka tangi refu, lita 100 haiwatoshi. Sasa mimi nilimuuzia watatu!

Maji nayo. Bomba letu Tabora siku hizi linatoa maji ya Ziwa Victoria, ambayo madini yake ni machache kuliko ya Tanganyika. Kwa hiyo namwambia mteja aweke mawe ya chokaa ndani ya tangi, na maji mapya yakae kwenye ndoo wazi siku nzima dawa ipungue.

Nilimrudishia hela yake yote, elfu sitini, na komenti yake sikuifuta. Iliniuma, mwezi ule kodi ya fremu nilikopa. Tangu hapo sipokei hela kabla sijaona picha ya tangi na kujua ndani kuna nani. Wengine wanakasirika, wanaona nawabania na hela ni yao. Oda nimepoteza, tena si moja. Anayetaka kuchanganya namshauri wale wa maganda wakae chini kwenye mchanga, na Julidochromis kwenye mawe, kila mmoja na mtaa wake. Frontosa wakae na wakubwa wenzao.

(Wanaoulizia Nemo: yule ni wa maji ya bahari, sina.)

Juzi yule mteja karudi inboksi. Anataka Tropheus kumi na mbili. Nimemwambia anitumie kwanza picha ya tangi.